Njaa ya Sindano

Kama leo umeambiwa una sukari na umerudi nyumbani hujamwambia mtu, keti hapo ulipo nikueleze yaliyonipata. Sitakufundisha kongosho liko wapi wala linafanya nini. Hayo nimeyafundisha miaka mingi, tena kwa picha za rangi, na yalipofika kwangu hayakunifaa kitu.

Naitwa Rukia. Nina miaka arobaini na saba, naishi Garissa, na kazi yangu ni lishe. Kwa miaka kumi na sita nilikuwa kambini, upande wa Dadaab, nikipima mikono ya watoto kwa ule utepe wa rangi tatu. Ukisoma nyekundu, mtoto anaingizwa kwenye matibabu na kupewa pakiti za siagi ya karanga. Ukisoma manjano, anapewa unga wa uji. Ukisoma kijani, mama anaambiwa hongera, nenda nyumbani. Baada ya kijani utepe umekwisha. Hauna rangi ya mwanamke mnene anayeamka mara nne kwenda kukojoa.

Nalitaja hilo kwa sababu ndivyo afya ya umma ilivyotufikia sisi watu wa kaskazini mashariki. Ilikuja na ukame, ikaja kwa lori, na ilikuwa inatafuta waliokonda. Mama yangu, ambaye sote tunamwita Hooyo, yaani mama, anakumbuka lori la kwanza lililofika malishoni kwao karibu na Hadado alipokuwa msichana. Lilileta mahindi ya manjano na hakuna aliyejua yanapikwaje, wakawapa mbuzi. Kabla ya hapo alikuwa ameishi kwa maziwa ya ngamia na nyama. Mifugo ilipokwisha wakahamia kando ya barabara, na huko wakajifunza unga, mchele, mafuta ya mkebe, tambi, na chai ya vijiko vinne vya sukari. Mimi nilizaliwa kando ya barabara. Nyumba yenye gunia la sukari ilikuwa nyumba iliyojaliwa, na watoto wake walionekana wana afya.

Ugonjwa huu kwa Kisomali tunauita macaan. Hiyo c ni ile ain ya Kiarabu. Maana ya neno ni utamu tu: chai tamu ni macaan, tende ni macaan, maziwa mabichi ambayo hayajaganda ni macaan, hata maji ya kunywa yasiyo na chumvi tunayaita maji macaan. Usinicheke, kwa sababu Waswahili nao wamefanya hivyo hivyo na sukari.

Nilipotoka kambini nikapata kazi ya kuelimisha wagonjwa katika zahanati moja hapa mjini. Baada ya picha zote, somo langu la sukari lilikuwa sentensi mbili: macaan huletwa na macaan; toa macaan nyumbani kwako. Kwa Kisomali lina mdundo mzuri. Wanawake walilirudia kwa pamoja, nami nilijivunia. Mafunzo yetu yote tangu zamani yalikuwa hivyo, ya kusemwa kwa pumzi moja: chemsha maji, nyonyesha miezi sita, nawa mikono. Mtu anayehama na mifugo unamwona mara moja, unampa sentensi moja, anaondoka nayo.

Sukari yangu mwenyewe iligunduliwa miaka minne kabla ya haya ninayoyaeleza. Nilikuwa nimepungua, magauni yakinipwaya, na shoga zangu wakinisifu nimependeza. Macho yalikuwa yakififia. Sisimizi walikuwa wakikusanyika chooni, nami nikimwaga dawa ya kuwaua bila kujiuliza wanafuata nini. Nilipopimwa nikapewa vidonge, nikavimeza siku nilizokumbuka. Daktari aliposema nianze sindano, nilibadilisha siku yangu ya kliniki ili nisikutane naye. Kwetu sindano ya sukari ni ya mtu anayeagwa. Mimi, mwalimu wa wengine, niliamini hivyo kimyakimya.

Basi ikaja harusi ya binti ya dada yangu, mvua za vuli zilipokuwa zinaisha. Mwanamke wa kwetu haendi harusini bila kujifukiza unsi, ule udi wetu ambao, ukitaka kucheka, hupikwa kwa sukari. Unawasha makaa kwenye chetezo, unaweka unsi, unasimama juu yake umetanua miguu kidogo, moshi unapanda ndani ya gauni. Nikasimama hivyo, hina mbichi miguuni, simu sikioni, nikimwelekeza dada yangu mambo ya mchele. Nikasikia harufu ya nyama inaungua. Nikamwambia dada, hebu angalia jikoni kwako, mbuzi anaungua huko. Dada yangu alikuwa mtaa wa pili.

Ni mguu wangu uliokuwa ukiungua. Ulikuwa umeegemea chetezo, na sikusikia chochote, kwa sababu ugonjwa huu ulikuwa umeshaua hisia za nyayo. Nilivaa viatu bila kuutazama, nikaenda harusini nikacheza. Niliporudi ndipo nilipoona ngozi ya upande wa vidole vidogo imebaki ndani ya kiatu.

Kidonda hakikupona. Wiki ya tatu kilikuwa kikubwa kuliko wiki ya kwanza, nikaanza kwenda hospitali kubwa kila Jumanne kufungwa bandeji. Benchi la kule nalijua vizuri. Unafika saa kumi na mbili asubuhi, unaweka kadi yako kwenye kikapu, unasubiri hadi adhuhuri chini ya feni isiyozunguka. Wanawake wanakuja na chupa za chai yenye sukari, wanakaribishana. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekatwa mguu chini ya goti ambaye alikuwa akinishikia nafasi kwa kiatu, kiatu cha mguu ambao hakuwa nao tena. Alisema nacho lazima kifanye kazi. Sikuwahi kumuuliza jina, lakini siku asipokuja nilikuwa naona asubuhi ni ndefu.

Jumanne ya sita Sista Kerubo, muuguzi wa vidonda, aliniketisha badala ya kunilaza.

"Mama Sahra, nakuambia bila kuzunguka," akasema. "Sukari yako iko juu sana. Kidonda hakiwezi kufunga hivyo. Daktari ameandika, kama haitashuka mwezi huu, mguu unakatwa."

"Kidole?"

"Nimesema mguu."

Nikauliza sindano inaanza lini. Akaniambia inaanza leo. Niliogopa kwa namna ambayo sikuwahi kuogopa hata kambini, na nilitaka kulia, lakini foleni ilikuwa imejaa wanawake niliowafundisha.

Sindano yangu ilikuwa ya insulini ya mchanganyiko, ya haraka na ya polepole pamoja, asubuhi na jioni, nusu saa kabla ya kula. Jokofu hatuna. Sista alinifundisha kutia mchanga katika mtungi wa udongo, kuumwagia maji, na kukiweka kichupa cha dawa humo ndani ya mfuko wa plastiki, mahali penye kivuli. Jilaal ilikuwa imeanza, kile kiangazi chetu kikali, lakini mtungi ulikaa baridi. Nilichoma tumboni, na haikuuma hata kidogo. Mume wangu, Bashir, ni mfanyabiashara wa mifugo. Alikuwa akitoka nje nikichukua sindano. "Mimi ngamia nachinja," akasema, "lakini hii siwezi kutazama." Sahra, binti yetu aliye chuoni Eldoret, alikuwa akipiga simu kila siku kuniuliza nimechoma ngapi, akiandika kwenye daftari lake kama mwalimu.

Wiki mbili zikapita, kidonda kikaanza kuwa chekundu pembeni, rangi ya nyama hai. Sista akafurahi akaita wenzake waone. Hapo ndipo Hooyo alipofika kutoka Hadado kuja kuniuguza.

Hooyo ana miaka sabini na kitu na hakai chini. Siku ya kwanza aliniuliza ugonjwa wangu unataka nini. Nikiwa nimechoka, nikampa somo langu la zahanati: macaan huletwa na macaan, toa macaan nyumbani. Akaitikia vizuri kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kuwa naye.

Akatoa. Sukari aliigawa kwa majirani. Tende zikaenda, asali ikaenda, unsi pia ukaenda kwa sababu una sukari. Anjera, ile mikate yetu laini ya asubuhi, akaacha kuipika. Nikamuuliza kwa nini.

"Anjera inaliwa na nini?" akaniuliza.

"Na chai."

"Chai ya nini?"

"Ya sukari."

"Basi."

Maziwa mabichi akayakataa kwa sababu yanaitwa maziwa macaan, akanipa yaliyoganda tu. Na asubuhi moja nilikunywa maji kikombeni nikayatema. Yalikuwa ya kisima cha chumvi. Alikuwa amemrudisha mwenye mkokoteni wa maji ya mto, akamwambia katika nyumba hii maji macaan hayaingii. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nikampigia Sahra simu nimsimulie, naye akacheka. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kuogopa.

Ilikuwa Jumamosi. Nilichoma sindano saa moja asubuhi, nikasubiri nusu saa, nikaenda jikoni. Kulikuwa na nyama ya mbuzi na supu, basi. Mimi ndiye mtaalamu wa lishe. Nilijua sindano ile ikishaingia inataka mkate au ugali au kitu cha jamii hiyo. Nilijua, lakini niliona haya kumtuma mama yangu mzee dukani kwa kitu alichokitoa nyumbani kwa mkono wake kwa kunipenda. Nikala nyama, nikanywa supu, nikamwambia Alhamdulillah, nimeshiba.

Saa nne jasho likaanza kunitoka. Nililidhani joto. Kisha mikono ikaanza kutetemeka, moyo ukaenda mbio, na ukuta wa nyumba yangu mwenyewe nikauona mgeni. Nilijua ni nini. Hilo nataka ulielewe: nilijua, niliwahi kulisoma, sukari imeshuka, nile kitu kitamu upesi. Lakini akili ikikosa sukari inafunga milango mmoja mmoja, na mimi nilibaki na neno moja tu.

"Hooyo," nikaita. "Macaan."

Akaja mbio, akanishika kichwa. Kwetu mama humwita mtoto wake kwa jina lile lile mtoto analomwita yeye. "Najua, hooyo," akasema. "Macaan imekushika."

"Macaan!"

"Ndiyo. Naiona. Tulia."

"Nipe… macaan…"

"Haitakupata, wallahi, mimi nipo."

Nikamshika nguo nikamvuta. Akadhani naaga. Akaanza kunisomea Ayatul Kursiyu, akaisoma kwenye kikombe cha maji, akaninywesha. Yalikuwa yale yale ya chumvi.

Mayowe ya Hooyo yalimleta jirani yetu, Mama Mwende, mwalimu wa shule ya msingi, Mkamba aliyeishi Garissa muda mrefu kuliko Wasomali wengi ninaowajua. Nikamwona mlangoni nikakusanya nguvu zote nikamwambia kwa Kiswahili: "Sukari."

"Woi," akasema Mama Mwende, "sukari imempanda!"

Wallahi nilijua nimekufa. Nimelala kati ya wanawake wawili wanaonipenda, naomba kwa lugha mbili, na katika lugha zote mbili ninachoomba kina jina la kinachoniua.

Kilichoniokoa ni kwamba alinigusa. Akakuta nimelowa, baridi. Baba yake alikuwa na ugonjwa huu huu.

"Amekula nini leo?" akamuuliza Hooyo.

"Nyama," Hooyo akasema kwa Kiswahili chake kisichojua p wala v. "Kitu tamu habana. Mimi nilitoa yote."

"Na sindano alichoma?"

"Alichoma."

Mama Mwende akatoka mbio bila viatu, akarudi na chupa ya soda nyekundu, sukari na mkate. Hooyo alipoiona alisimama mbele yangu. "Weee! Unataka kuua yeye?" Mama Mwende akamsukuma, mwanamke wa heshima zake, hajawahi kumpandishia mtu sauti. Akanilaza ubavu, akachovya kidole kwenye soda na sukari, akanipaka ndani ya shavu, tena na tena. Hooyo alimng'ata mkono. Kovu lipo mpaka leo, na wote wawili wakiwa pamoja hulitaja kwa heshima.

Baada ya robo saa nilikaa nikanywa soda iliyobaki mwenyewe, nikala mkate. Nilikuwa mzima, nimechoka tu, na aibu nyingi. Hooyo alikuwa amekaa chini barazani, mtandio umeanguka, hatazami mtu.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Hapana, kwa sababu Hooyo naye alikuwa amefikiri, na alichokifikiri kilikuwa na mantiki. Kabla ya sindano nilikuwa na kidonda lakini natembea. Baada ya sindano nimeanguka. Jioni ile alienda kwenye mtungi, akakifungua kichupa, akamwaga dawa kwenye mchanga, na mabomba ya sindano akayavunja moja moja kwa jiwe. Bashir alimwona. Alipoulizwa kwa nini hakumzuia alisema, "Ni mama yako."

Nilimfokea Bashir maneno ambayo sitayaandika. Lakini nikiandika ukweli nusu, maandishi haya hayana faida kwako. Jumatatu zahanati yangu ilikuwa wazi. Ningekwenda ningepewa kichupa kingine. Sikwenda. Niliogopa yale mambo ya Jumamosi kuliko nilivyouogopa mguu, na nikamwachia mama yangu abebe lawama kwa sababu ilikuwa rahisi. Siku nane sikuchoma, na Jumanne sikwenda kufungwa bandeji. Nilimwambia Sahra kwenye simu kwamba nimechoma, akaandika kwenye daftari.

Siku ya tisa Bashir ndiye aliyesikia harufu. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vyeusi. Akanibeba mwenyewe mpaka kwenye gari.

Daktari alikuwa kijana, mpole. Alisema vidole viwili vinatoka kesho. Mguu wenyewe atautazama siku kumi: sukari ikishuka utabaki, isiposhuka atarudi kuukata kwenye goti. Kwa hiyo yote yalirudi pale pale kwenye sindano, na pembeni ya kitanda changu alikuwa amekaa Hooyo, mkono mmoja juu ya blanketi, akilinda.

Sista Kerubo, ambaye siku hizo alikuwa amehamishiwa wadi, alipokuja na bomba, Hooyo akasimama. "Sista, hii mimi nakataa. Hii ilitaka kuua mtoto yangu." Sista akaniangalia. Nikamwomba atupe dakika tano.

Nimefundisha watu wengi, lakini sijawahi kutafuta maneno kama siku ile. Nikisema macaan imeshuka, atasikia ugonjwa umeshuka, atashukuru Mungu. Nikisema macaan kidogo ni nzuri, nitakuwa mwongo mbele yake, kwa sababu mimi ndiye niliyesema itolewe yote. Nikafikiri mama yangu anajua nini kuliko mimi. Anajua njaa. Kabla yangu alizaa mtoto wa kiume, akamzika njiani mwaka wa ukame, na katika familia yetu neno hilo halisemwi ovyo. Mtoto akisema nina njaa kwa mzaha, anakanywa.

"Hooyo," nikamwambia, "siku ile sikuwa nimeshikwa na macaan. Nilikuwa na njaa."

"Ulikula nyama."

"Sindano ina njaa yake. Ukiichoma usiposhiba chakula chake, inakula mwili. Jasho, kutetemeka, kuweweseka, ile ni njaa. Gaajo. Njaa ya sindano."

Akaketi pembeni ya kitanda.

"Ulikuwa unaomba chakula?"

"Ndiyo."

"Na mimi nikakunyima."

Nilitaka kumwambia kosa ni langu, kwamba lilikuwa somo langu, maneno yangu mwenyewe, na siku nane zile ni zangu. Baadaye nilimwambia yote hayo. Saa ile hakuningoja. Alivuta mtandio akajifuta uso, akafungua mlango wa wadi akamwita Sista kwa sauti iliyowaamsha wagonjwa wote.

"Sista! Kuja choma. Lakini chakula iko wabi? Kwanza mimi naona chakula."

Tangu siku hiyo hakuna bomba lililoingia mwilini mwangu kabla Hooyo hajaona sahani. Wauguzi walimlalamikia mwanzoni, kisha wakaanza kumwachia na wagonjwa wa vitanda vya jirani. Alikuwa akipita na mkate mfukoni, akiwatazama wenye sukari usoni mmoja mmoja, akiuliza, "Wewe, iko njaa ya sindano?" Mwanamke mmoja wa Buna, kitanda cha tatu, alisema ndiyo kabla hata hajaulizwa vizuri, akapewa mkate na chai, akaacha kutetemeka. Mimi miaka yote ile sijawahi kumwokoa mtu kwa upesi hivyo.

Vidole vilitoka asubuhi. Nilichomwa ganzi mgongoni, nikawa macho, nikasikia mlio wa chuma kwenye sinia. Sikuhisi huzuni. Nilikuwa nahesabu siku kumi.

Nilipotolewa, Hooyo alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha upasuaji amewazuia.

"Nibe fidole," alikuwa akisema.

"Nini, mama?"

"Fidole. Ya mtoto yangu. Nibe."

Walidhani anataka kitu cha kula. Ikabidi mimi, nimelala kwenye kitanda cha magurudumu, nitafsiri: anataka vidole vyangu, Waislamu hatutupi kiungo cha mtu, tunakizika. Akapewa ndani ya kikopo. Alikuwa na kipande cha kitambaa cheupe tayari. Bashir alichimba kwenye makaburi ya mtaani kwetu, Hooyo akiwa amesimama nje ya ua wa miba akihakikisha kina kinatosha.

Siku ya kumi daktari akafungua bandeji. Sista Kerubo alinishika bega, Hooyo alikuwa akisoma dua chini kwa chini. Daktari akabonyeza, akanusa, akabonyeza tena. Akasema, "Huu unabaki." Nililia kwa sauti, mbele ya watu, na sikujali nani nimemfundisha.

Sasa mvua za gu, masika yetu, zimenyesha na kidonda kimefunga. Ramadhani sikufunga, mara ya kwanza tangu nikiwa msichana, na hilo liliniuma kuliko vidole. Nililisha maskini kwa kila siku, kama tulivyoelekezwa. Natembea nikiyumba kidogo. Navaa viatu vilivyofungwa, hata ndani ya nyumba, na miguu naikagua kila jioni kwa kioo. Unsi najifukiza nikiwa nimekaa. Zahanatini somo langu limerefuka, lina sehemu mbili na maswali, na wanawake wanasema la zamani lilikuwa zuri zaidi kwa sababu lilikuwa linaimbika. Nawaambia hilo zuri lilinila vidole.

Kwako wewe uliyerudi nyumbani leo, nina moja tu. Kabla hujachoma sindano ya kwanza, wakusanye wa nyumbani kwako na mkubaliane neno. Lisiwe jina la ugonjwa. Liwe neno ambalo ukilisema umechanganyikiwa, jasho linakutoka, mtu wa mwisho kuelewa katika nyumba yako atakimbilia jikoni.

Hooyo alirudi kwao wiki iliyopita. Tulipokuwa tunampeleka kwenye basi alimwambia Bashir asimamishe gari makaburini. Akanishika mkono, tukaenda polepole mpaka kwenye ua wa miba, akaninyooshea kidole mahali penye rundo dogo la mawe, dogo kama la kaburi la mtoto mchanga.

"Unaona pale?" akasema. "Pale nimekuwekea viwili tu. Vilivyobaki utavileta mwenyewe, hooyo, na usije kabla yangu."